WAKILI NA MWAKILISHI: TUMJUE ARGWINGS-KODHEK

 

Katika mkutano wa kwanza wa chama chetu mwaka huu, mwalimu mlezi alituuliza swali jepesi, au tuseme swali tulilodhani ni jepesi. "Ni nani kati yenu anayepanda matatu ya 46 kwenda mjini?" Karibu mikono yote ikainuka. "Basi niambieni, Argwings Kodhek alikuwa nani?" Mikono ikashuka. Kukawa kimya. Kisha mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye kimya humtia kiwewe, akajibu kwamba alikuwa Mzungu mwenye shamba kubwa kule Hurlingham. Tukaangua kicheko. Lakini nakiri hapa mbele yenu kwamba mimi nilicheka kwa kuwa wengine walicheka. Moyoni nilikuwa nikifikiri vivyo hivyo. Jina lenyewe si lina mlio wa Kizungu?

Mwalimu hakucheka. Aliniangalia mimi, sijui kwa nini mimi, akasema, "Wewe utatuandikia makala." Ndiyo haya.

Wale wasioijua njia yetu wacha niwaeleze. Ukitoka Riruta Satellite unaweza kwenda mjini kwa kufuata Barabara ya Naivasha hadi Ngong Road, au utembee hadi Kawangware upande 46. Matatu hiyo hupita Valley Arcade, ikafika Yaya, na kutoka hapo huishika barabara inayopita Hurlingham hadi Nairobi Hospital. Barabara hiyo ndiyo Argwings Kodhek. Nimeipita tangu nikiwa wa kupakatwa, na sijawahi hata siku moja kuuliza.

Nilianza kazi yangu kwa kamusi, kama inavyompasa mwanachama wa chama cha Kiswahili. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mtu huyu alikuwa wakili kisha akawa mwanasiasa, nikataka kulijua neno kabla ya kumjua mwenyewe. Wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake alisimamie kwa niaba yake. Neno limetoka Uarabuni, na limezaa jamaa wengi katika lugha yetu: wakala, uwakala, kuwakilisha, mwakilishi. Hata kutawakali, yaani kumwachia Mungu jambo lako, ni ndugu yao. Kule Zanzibar chombo cha kutunga sheria kilichoanzishwa mwaka 1980 huitwa Baraza la Wawakilishi. Basi tazameni ajabu hii: kwa Kiingereza mtu wa mahakamani na mtu wa bungeni wana majina yasiyojuana kabisa, lakini kwa Kiswahili wametoka tumbo moja. Wakili husema kwa niaba ya mmoja, mwakilishi husema kwa niaba ya wengi.

Hapo nikapata swali la kunisukuma. Je, mtu anayetoka kazi ya kwanza kwenda ya pili huendelea na kazi ileile, au huiacha?

Clement Michael George Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, Nyanza, karibu na Yala. Watu wa kwao walizichukua herufi zake C.M.G. wakazipa maneno yao wenyewe, wakamwita Chiedo Mor Gem. Maana yake sitaieleza. Kila mmoja wetu ana jirani Mjaluo, amwulize. Alisomea shule za wamisionari wa Kikatoliki, akawa mwalimu, kisha mwaka 1947 akapata nafasi ya serikali ya kikoloni kwenda kusoma Cardiff, nchini Wales. Alitumwa kusomea masomo ya jamii. Serikali ilitaka Waafrika wachache wenye elimu ya kuisaidia katika mambo ya ustawi, haikutaka mawakili. Yeye akageuka akasomea sheria, na akafuzu huko London. Ndiye Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufanya kazi ya uwakili katika nchi hii.

Alirudi na mke wake Mavis, ambaye alikuwa Mzungu. Nairobi ya siku zile iligawanywa kwa rangi ya ngozi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Mume na mke hawa walikuwa hawana kwao. Yeye asingekubaliwa kuishi upande wa mkewe, na mkewe asingekubaliwa kuishi upande wa mumewe. Serikali ilimpa kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, kwa mshahara wa theluthi moja ya ule wa Mzungu aliyefanya kazi ileile. Kodhek akaiacha kazi hiyo, akafungua ofisi yake. Nilipomsomea rafiki yangu sehemu hii aliniambia kwamba angekubali mshahara huo kwanza, kisha atafute mwingine polepole. Labda na mimi ningefanya hivyo. Sisi si watu wa kuachia kazi hovyo huku Satellite.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ikatangaza Hali ya Hatari. Sasa naomba tuende polepole, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha makala yangu.

Sheria za Hali ya Hatari ziliongeza makosa ambayo hukumu yake ni kunyongwa. Zamani mtu alinyongwa kwa kuua. Sasa mtu angeweza kunyongwa kwa kupatikana na bunduki, hata kwa kupatikana na risasi moja bila kibali, na kwa kulisha watu kiapo. Mwaka 1953 zikaundwa mahakama maalum za kusikiliza kesi hizo kwa haraka. Hadi vita vilipokwisha, watu 1,090 walikuwa wamenyongwa. Andikeni nambari hiyo mahali. Shule yetu ikikusanyika uwanjani asubuhi hatufiki idadi hiyo.

Mshtakiwa Mwafrika hakuwa na baraza la raia wenzake la kuamua kama ana hatia. Alikuwa na wazee wa baraza wachache walioketi karibu na jaji, wakatoa maoni yao, na jaji hakulazimika kuyafuata. Jaji alisema Kiingereza. Mshtakiwa alisema Kikuyu, Kiembu au Kimeru. Katikati alisimama mkalimani. Sisi tunaoshindania alama za tafsiri darasani tunajua jinsi neno moja linavyoweza kupotea njiani. Hebu fikirieni neno limepotea na mtu yuko kizimbani kwa sababu ya risasi iliyookotwa shambani. Aliyeiokota alikuwa nani? "Nilikuwa nayo" na "ilikuwa kwangu" si sentensi moja, na tofauti yake ilikuwa kamba. Kazi ya wakili ilikuwa kusimama akasema: Mheshimiwa Jaji, sivyo alivyosema.

Kodhek alizichukua kesi hizo. Mawakili waliokuwa tayari kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa Wahindi. Mwafrika alikuwa yeye. Wazungu wakamwita wakili wa Mau Mau, wakidhani wanamtukana. Jina likageuka sifa.

Nilimwendea nyanya yangu, cucu, anayeishi Waithaka, nimwulize. Eneo letu lote hili la Riruta na Kawangware lilikuwa siku hizo upande wa Wakikuyu, nje ya mipaka ya mji. Cucu alikuwa msichana. Aliniambia kwamba hakumwona Kodhek hata siku moja, ila jina alilisikia, na kwamba watu walilisema kama mtu anavyosema jina la mganga: ukipatwa na jambo, kuna mtu. Nikamwuliza, "Cucu, na kaka yako alitetewa naye?" Maana najua kwamba kaka yake alishikwa Aprili 1954, ile siku jeshi na polisi walipouzingira mji wa Nairobi na kuwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Operesheni hiyo iliitwa Anvil, yaani fuawe la mhunzi.

Cucu akanyamaza kidogo. "Atetewe katika kesi gani, mwanangu? Hakukuwa na kesi. Alipakiwa lori. Akarudi baada ya miaka mitano, hajasomewa shtaka lolote."

Nilifunga daftari hapo. Nilikuwa nimekuja na maswali kumi na mawili.

Jibu hilo la cucu lilinifunza zaidi ya vitabu. Wakili humsaidia mtu aliyeshtakiwa. Asiyeshtakiwa, aliyetiwa kizuizini tu kwa amri, wakili atamfikia wapi? Tena hata huyo aliyeshtakiwa, wakili atasema nini kama sheria yenyewe inasema risasi moja ni kifo na risasi ilikuwako? Wakili hawezi kuibadilisha sheria. Anaweza tu kuuliza kama mtu huyu aliivunja. Sikuisoma popote sababu ya Kodhek kuingia siasa kwa maneno yake mwenyewe, lakini nadhani mtu yeyote aliyekaa miaka mitatu katika mahakama zile angeanza kutazama mlango wa nyumba ambamo sheria hutungwa.

Mlango huo ulikuwa umefungwa. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1953. Mwaka 1955 serikali ikaruhusu Waafrika waunde vyama, lakini vya wilaya moja moja tu, na Mkoa wa Kati ukanyimwa hata hivyo vya wilaya. Kodhek alitaka chama cha nchi nzima. Akakataliwa kuandikishwa. Akakipunguza jina na mipaka, na ndipo kikaandikishwa kikiwa Nairobi District African Congress. Yaani wakili aliyetaka kuisemea Kenya alipewa ruhusa ya kuisemea Nairobi.

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura: walitazama elimu yako, mapato yako, mali yako, na mwenye sifa nyingi alipewa hadi kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliongezewa sharti jingine, kuwa na cheti cha uaminifu kuonyesha kwamba waliipinga Mau Mau.

Wasomaji wapenzi, rudieni sentensi hiyo. Watu ambao Kodhek alikuwa amesimama mahakamani kwa ajili yao, na jamaa zao, ndio waliozuiwa kumpigia kura. Waliobaki Nairobi baada ya Anvil wakiwa na cheti walikuwa wachache, na waliokuwa vizuizini walikuwa vizuizini. Wateja wake hawakuwa wapiga kura wake. Sijui kama yuko mgombea mwingine katika historia yetu aliyeingia uchaguzi akiwa ametengwa namna hii na watu wake mwenyewe.

Hata hivyo tusimpe Kodhek udhuru wote. Kiti cha Nairobi aligombea na Tom Mboya, kijana wa miaka 26 kutoka vyama vya wafanyakazi, ambaye ndiyo kwanza arudi kutoka Oxford. Mboya alijua kupanga watu. Alijua nani yuko mtaa gani, mkutano uitwe lini, nani apeleke habari kwa reli na nani kwa bandari. Wakili amezoea kumshawishi mtu mmoja, jaji, kwa hoja moja baada ya nyingine. Mwanasiasa hushawishi uwanja mzima kabla jua halijatua. Mboya akashinda, kwa kura chache. Katika chama chetu tuna wasemaji wazuri sana ambao hawajawahi kuchaguliwa hata ukatibu, na sitawataja.

Kodhek hakwenda nyumbani kulala. KANU ilipoanzishwa mwaka 1960 alikuwa ndani yake, na katika uchaguzi wa Mei 1963 watu wa Gem wakampeleka bungeni. Mwana wa Gem akarudi Gem kupata kile alichokikosa Nairobi. Akaingia serikalini, akapanda hadi kuwa waziri, na mwishoni alikuwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia mambo ya nje.

Katikati ya miaka hiyo kuna jambo lililotugombanisha chamani nilipolisoma rasimu yangu. Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama cha KPU. Wabunge kadha wa Nyanza walimfuata. Kodhek alibaki KANU. Mwenzetu mmoja akasema huo ni usaliti mtupu. Mwingine akasema la hasha, waziri aliye ndani huweza kuzuia mabaya ambayo aliye nje huyapigia kelele tu. Tulikaa saa nzima na kengele ikalia hatujaafikiana.

Mimi nitasema ninavyoona. Kule mahakamani Kodhek alisema kwa niaba ya mtu dhidi ya serikali. Waziri husema kwa niaba ya serikali. Si kosa, nchi mpya ilihitaji wasemaji mbele ya mataifa, tena waliosoma. Lakini si kazi ileile, hata kama maneno wakili na mwakilishi yametoka tumbo moja. Kwa maoni yangu kazi yake kubwa aliifanya kabla hajaitwa mheshimiwa.

Mwalimu aliposoma hapo aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Na Seroney je?" Ni haki aulize. Jean-Marie Seroney, aliyezaliwa mwaka 1927 huko Nandi, alisomea sheria India na Uingereza, naye akawa wakili kisha mbunge. Mwaka 1975 alikuwa Naibu Spika. Oktoba mwaka huo Martin Shikuku alidai bungeni kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Wabunge wakamtaka athibitishe. Seroney, akiwa kitini, akaamua kwamba hakuna haja ya kuthibitisha lililo dhahiri. Tarehe 15 Oktoba polisi waliwakamata wote wawili katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Huyo alikuwa bado wakili hata akiwa juu ya kiti cha Bunge, maana uamuzi wake ni uamuzi wa kimahakama kabisa: jambo linaloonekana na wote halihitaji shahidi. Na kizuizi chake kilikuwa kama cha kaka wa cucu, bila kesi, ingawa bendera ilikuwa imeshabadilika. Basi nimelegeza hoja yangu kidogo, lakini sijaifuta.

Turudi Hurlingham. Tarehe 29 Januari 1969 Kodhek alikufa katika barabara hiyo, ambayo siku hizo iliitwa Hurlingham Road. Taarifa rasmi ilisema ni ajali ya gari. Watu wengi hawakuamini, na wako ambao hawaamini hadi leo, kwa sababu ya yale yaliyofuata. Tarehe 5 Julai mwaka uo huo Tom Mboya alipigwa risasi mchana mjini Nairobi, katika barabara ambayo sasa ni Moi Avenue. Washindani wawili wa 1957 walikufa katika mji mmoja, kwa muda usiotimia nusu mwaka. Mimi si mpelelezi. Ninachoweza kuandika ni kwamba kifo cha pili kilimfanya kila mtu akitazame upya cha kwanza.

Kiti cha Gem kilipoachwa wazi, kulifanyika uchaguzi mdogo mwaka huohuo wa 1969. Aliyeshinda alikuwa Wasonga Sijeyo wa KPU. Watu wa Gem waliomchagua Kodhek wa KANU walimchagua mpinzani mara tu alipokwisha kuzikwa. Sijui kama walikuwa wakijibu siasa yake au kifo chake. Kabla ya mwaka kwisha KPU ilipigwa marufuku, na Sijeyo naye akatiwa kizuizini. Hakutoka hadi 1978. Kwa hiyo Gem, baada ya kumpoteza wakili, ilimpata mwakilishi ambaye hakuwa na ruhusa ya kuwakilisha.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza cucu mjini kwa 46. Tulipopita Yaya nilimwonyesha kibao cha barabara. Hasomi vizuri bila miwani, kwa hiyo nikamsomea jina. Akaniuliza mara mbili, "Ni yule wakili?" Nikamwambia ndiye. Akasema yeye miaka yote hiyo alidhani barabara hii ni ya Mzungu fulani.

Mdahalo wa muhula ujao utakuwa na mada isemayo: "Wakili anayeingia serikalini huwaacha wateja wake." Nimepangwa upande wa kuunga mkono. Yule mwenzetu wa Kidato cha Pili atakuwa upande wa kupinga, na nasikia tayari ameshakwenda maktaba kumtafuta Seroney. Wanaotaka kujiunga na upande wowote waonane na katibu kabla ya Ijumaa.